Macho Kumi ya Kufanana

"Sikatai kwamba samaki wanatoa moshi," Mama Siwema alisema, mwiko mkononi, kikaango kikichemka mbele yake. "Hakuna samaki anayekaangwa kimyakimya. Ninachouliza ni hiki: moshi wangu unaingiaje chumbani kwako, unapita pazia, unapita meza, unalitafuta jicho, unalitoboa?"

"Unaingia dirishani," Marciana alijibu. "Si hilo hapo juu ya kichwa chako."

"Lifunge."

"Nikilifunga, tina ya kuzimulia wino itaniua humo ndani. Ile harufu huijui wewe."

"Kumbe na wewe una harufu yako. Mbona mimi sijakujia na kanga kiunoni?"

Wateja waliokuwa wakisubiri samaki walicheka. Uchochoro ule wa nyuma ya stesheni ya Kilosa haukuwa na siri. Ukipiga chafya jikoni, mtu wa nyumba ya nne anakuuliza kama umekunywa dawa. Marciana alijua kwamba kufikia saa sita habari hii itakuwa imeshafika Kimamba, tena ikiwa imeongezwa chumvi njiani.

"Mama Siwema, nisikilize," alisema, sauti ikiwa chini sasa. "Katika yale macho kumi ya bandia, moja ni la Siwema. Unajua. Nimeshayafuta mara mbili. Bwana Alfred aliyeniagiza kaniambia nikiyafuta mara ya tatu plastiki inaingia ukungu, hayafai tena."

Mwiko ulisimama.

"Kwa hiyo unasema mimi, Elizabeti, ninamharibia mwanangu jicho."

"Sijasema wewe. Nimesema moshi."

"Moshi wa nani?"

 Mama Siwema hakungoja jibu. Alikiteremsha kikaango, akamwagia moto maji mpaka jivu likaruka, akamwambia mteja wa kwanza, "Nifuate huko stesheni." Akabeba jiko, mtu mwingine akamshikia beseni la samaki, msafara wote ukaondoka. Uchochoro ukabaki mtupu. Marciana alikuwa ameshinda ugomvi, lakini alisimama pale kama mtu aliyepewa mzigo usio wake akaambiwa aushike kidogo.

Ilikuwa Jumatatu. Siku ya Alhamisi alitakiwa Mikumi.

Mashine aliyogongea macho hayo ilikuwa na hadithi ndefu, na Marciana hakuwahi kumnyima mtu hadithi hiyo. Alifanya kazi miaka tisa katika kiwanda cha kalamu mjini Morogoro, kazi ya kugonga majina na alama kwenye kalamu. Ukaja wakati wa ruksa, maduka yakajaa, kalamu za nje zikaingia kwa makontena, tena nzuri, tena rahisi, na serikali ikaachana na kiwanda. Mwaka 1993 wafanyakazi walipunguzwa. Walioahidiwa mafao wakaambiwa wavute subira, na waliochoka kuvuta subira wakaambiwa wachague kitu kilichomo kiwandani. Kuna aliyechukua milango. Marciana alichukua mashine yake ya mkono, akairudisha Kilosa kwa treni, ndani ya gunia la mkaa.

Ilikuwa mashine ya mvuto mmoja wa mkono. Chini kuna bamba la chuma lililochongwa mchoro. Unapaka wino juu ya bamba, unaukwangua kwa wembe mpana mpaka wino ubaki kwenye mchongo tu. Halafu unashusha mpira mlaini wa duara, ambao kiwandani waliuita andazi kwa sababu ya umbo lake, unaubonyeza kwenye mchongo, unaokota wino, unakwenda kuubonyeza juu ya kitu chako. Uzuri wa andazi ni kwamba linajipinda. Kitu kiwe bapa, kiwe kimevimba, kiwe na mgongo, litakifuata.

Ndiyo sababu Bwana Alfred wa Mikumi alimtafuta. Bwana Alfred alikuwa fundi wa macho ya bandia. Jicho la bandia si gololi kama watu wanavyofikiri. Ni ganda jembamba la plastiki nyeupe, limepinda kama kipande cha ganda la yai, linalopachikwa mbele ya mahali palipokuwa na jicho. Miaka yote alikuwa akichora mboni kwa brashi ya nywele tatu. Sasa mkono wake ulikuwa ukitetemeka. Alimletea Marciana maganda kumi ya watu kumi waliopimwa tayari, na mabamba mawili yaliyochongwa Dar es Salaam kwa watengeneza mihuri: moja la duara la kahawia lenye mistari myembamba kama miali, jingine la kiini cheusi cha katikati.

"Sitaki jicho moja zuri," alimwambia. "Hata mtoto anaweza kubahatisha jicho moja. Niletee kumi yanayofanana, Alhamisi, nijue mkono wako unarudia. Ukishindwa, mimi nafunga. Watu watasubiri macho ya kutoka nje kama walivyokuwa wakisubiri."

Na watu walishasubiri sana. Siwema alikuwa na miaka kumi na tisa. Jicho la kushoto lilichomwa na ncha ya jani la mkonge huko mashamba ya Kimamba akiwa na miaka kumi na moja. Tangu siku hiyo alijifunza kukaa upande, jicho lile lisionekane. Ukimtembelea atachagua kiti cha pembeni ya mlango, na ukihama naye anahama. Alikwenda Mikumi mara mbili kupimwa, mara ya kwanza kwa lori la mbao. Ganda lake lilikuwa dogo kuliko mengine yote, na Marciana angeweza kulitambua kwa kidole.

Sasa tatizo lilikuwa hili. Kahawia iligongwa asubuhi, nayo ilitoka safi, mwali kwa mwali. Ikaachwa ikauke mpaka saa nane. Halafu kikaja kiini cheusi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika: cheusi kilitoka na vitundu vidogo vidogo, kama vumbi lililopigwa na manyunyu. Jicho likawa kama limeliwa na dudu. Ukilaza kahawia mpaka kesho yake ili cheusi nacho kigongwe asubuhi, cheusi hakishiki, kinabanduka kama ngozi ya nyoka. Alishajaribu kwenye vifuniko vya chupa. Ilikuwa lazima kazi zote mbili ziishe siku moja, na nusu ya pili ya siku ilikuwa imelaaniwa.

Kwa moshi aliona amepata jibu, kwa maana Mama Siwema huwa anakaanga hasa kuanzia saa sita. Lakini alasiri ya Jumatatu ile ile, jiko likiwa limeshahamia stesheni, alivuta mkono juu ya kifuniko cha chupa, akakigeuza kwenye mwanga. Vitundu.

Akasema labda moshi wa zamani umeganda ukutani. Akafua pazia, akasugua ukuta kwa sabuni. Jumanne alasiri: vitundu.

Nyumba ya Marciana haikujua kukaa bila watu, na wakati wa shida ndio hujaa zaidi. Jumanne ile Kornelio, fundi baiskeli, alikuja na spana yake mfukoni, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Ni joto," alisema. "Tina inaruka, wino unakuwa mzito. Hata gundi ya kuzibia tyubu mchana inanisumbua."

Marciana akaweka kopo la wino kwenye beseni la maji ya baridi. Vitundu.

"Wino mweusi ndio mbovu," alisema Magreti, aliyeuza mitumba na kuamini kwamba kila kitu kipya ni kibovu. "Mbona kahawia haina matata? Vitu vya siku hizi vinatengenezwa vipate kuuzwa, si vipate kutumika."

Marciana akawaletea vifuniko ishirini alivyovigonga cheusi asubuhi ile, kwa wino ule ule. Ishirini vyote vilikuwa kama macho ya ndama, vyeusi tii, vinang'aa.

"Basi si wino," alisema Kornelio.

"Wala si moshi," alisema Magreti, akitazama dirisha. "Tumemhamisha mwenzetu bure."

"Nani amemhamisha? Kahama mwenyewe," Marciana alisema.

"Haya. Sisi tulikuwa tunapita tu."

Kilichomchanganya Marciana zaidi ni Jumapili. Jumapili iliyopita, baada ya misa, alijifungia akajaribu vifuniko kutwa nzima. Jiko la Mama Siwema lilikuwa limewaka pale pale chini ya dirisha, jua lilikuwa kali, wino ndio huo huo. Na havikutokea vitundu hata kimoja, asubuhi wala alasiri. Alikuwa amefurahi, akadhani siku ile upepo umeupeleka moshi kwingine. Jumatatu jiko likahama, na vitundu vikarudi. Sasa ni mashine gani hiyo inayoheshimu sabato?

Jioni Siwema alikuja. Alisalimia, "Shikamoo mama mdogo," akamsalimia na Shangazi Fausta, mgeni wa Marciana, aliyekuwa amekaa mkekani akichambua mchele, akachagua kigoda cha pembeni ya mlango.

"Mama anajua umekuja?" Marciana aliuliza.

"Anajua. Amesema nisile kitu."

"Usile kitu?"

"Kasema nyumba inayolaumu moshi wa mtu isile jasho lake wala yeye asile lake. Sikuelewa vizuri. Nadhani hata yeye hakuelewa."

Shangazi Fausta alicheka kimoyomoyo. Siwema aliyatazama yale maganda meupe yaliyopangwa juu ya kitambaa.

"Langu limefutwa mara ngapi?"

"Mbili."

"Linaweza kufutwa tena?"

"Haliwezi."

Siwema aliitikia kwa kichwa. Hakulia, wala hakusema lolote la kumuumiza mtu. Alisema, "Basi kesho sitapita hapa. Nikiwa hapa utaniangalia mimi badala ya kazi." Akaondoka, na Marciana akaona angetukanwa ingekuwa nafuu.

Jumatano asubuhi aligonga kahawia kwenye maganda yote kumi.  Yalipokaa mstari mmoja juu ya kitambaa, yalikuwa kama watoto wa mama mmoja. Ilipofika saa sita alitoka kwenda banda la jiko uani kusonga ugali, maana kuchanganyikiwa hakumzuii mtu kula, na Shangazi ni mgeni, hawezi kulazwa njaa.

Shangazi Fausta alikuwa dada wa marehemu baba yake, alikuwa ameshuka kutoka Mamboya wiki mbili zilizopita kutibiwa mgongo. Alikuwa mtu wa usafi. Kila siku saa sita, jua likiwa juu, alioga uani, akaingia kwenye chumba cha mashine kwa sababu ndicho chenye ubaridi, akakaa akajipaka mafuta.

Marciana alipochota unga aligundua mwiko umebaki ndani. Akarudi. Pazia lilikuwa limefunguka nusu.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti cha mashine, kanga kifuani, miguu inang'aa. Kopo la mafuta ya mgando lilikuwa mapajani. Alikuwa amelishika andazi kwa mikono miwili, analipaka, taratibu, huku na huku, kama mtu anayempaka mtoto mashavu kabla ya kumpeleka kanisani.

"Shangazi," Marciana alisema. "Unafanya nini?"

"Nampaka huyu. Umemwacha amepauka hivi, na wageni wanaingia."

"Tangu lini?"

"Tangu nifike. Mafuta yakizidi mkononi nitayafuta wapi, ukutani? Kwetu yanayozidi anapakwa mtoto. Humu ndani mtoto hayupo."

Marciana alikaa chini, pale pale kizingitini. Kweli humu ndani mtoto hakuwepo. Paulo wake alikuwa Dar es Salaam, ana ndevu. Na kweli kila mwanamke aliyemfahamu, akijipaka, mikono ikibaki na mafuta, humwita mtoto aliye karibu, awe wake asiwe wake, akamfutia usoni. Yeye mwenyewe alikuzwa kwa mafuta ya kuzidi ya mikono ya watu.

"Jumapili ulikuwa Mamboya," alisema.

"Nilikwenda kwenye arobaini. Si ulinipa nauli?"

"Jumapili haukupakwa."

"Nani angempaka? Nilipokuja nilimkuta amekuwa mweupe kama magoti ya mchunga mbuzi."

Marciana hakujua acheke au alie. Angemkasirikia nani? Mtu hamkaripii shangazi yake, tena mgonjwa, tena aliyefanya hisani.

"Shangazi, ule mpira hautaki mafuta. Ndiyo yanayofukuza wino."

"Hakuna ngozi isiyotaka mafuta."

"Si ngozi."

"Ninyi wenyewe mnaliita andazi. Andazi gani halina mafuta?"

Halafu Shangazi akaona uso wa Marciana. Akayatazama yale maganda kumi mezani, akaitazama mikono yake. Alifunika kopo polepole, akasimama, mgongo ukimlazimisha kuinama.

"Ni mimi, basi," alisema. "Wiki nzima ni mimi. Na mama wa watu amehama." Akaenda chumba cha pili, akajilaza akitazama ukuta. Ugali alikataa.

Marciana hakuwa na muda wa kumbembeleza. Alilifuta andazi kwa pamba na spiriti, kidogo kidogo, maana spiriti ikizidi mpira unavimba. Halafu akachukua selotepu, akaibandika juu ya mpira, akaibandua, akabandika nyingine, mpaka selotepu ikawa inatoka kavu. Akajaribu kwenye vifuniko. Cha kwanza vitundu. Cha tatu vitundu. Cha saba kimoja tu, pembeni. Kuanzia cha nane, safi. Akaenda mpaka thelathini bila kusimama, kila kimoja akikigeuza kwenye mwanga, na bado moyo haukutulia, kwa sababu jana pia alikuwa na uhakika, na juzi pia.

Saa tisa aliweka ganda la kwanza. Mpira ulishuka, ukajipinda, ukainuka. Akalitazama kama mtu anayesoma barua ya msiba. Halikuwa na kitundu. La pili. La tano. La tisa. La Siwema aliliacha mwisho, akalishika na kuliachia mara mbili kabla ya kuliweka. Akavuta mkono.

Alifumba macho kidogo kabla ya kuangalia. Kiini kilikuwa cheusi, kimekaa katikati ya miali ya kahawia, na kilimtazama bila kupepesa.

Alhamisi alfajiri walipanda basi yeye na Siwema. Mama Siwema alimsindikiza mwanawe mpaka kituoni, akamfunga kanga vizuri mabegani, akamkabidhi kwa kondakta. Kwa Marciana hakuangalia. Marciana naye aligeuka akapanda basi. Utaanzia wapi kusema jambo kama lile mbele ya basi zima, na dereva anapiga honi?

Mikumi, Bwana Alfred aliyapanga macho kumi kwenye sinia jeupe, karibu na dirisha ambapo malori ya Zambia yalikuwa yakitikisa vioo. Akavaa kioo cha kukuzia. Akaangalia la kwanza, akaangalia la kumi, akachanganya, akaangalia tena.

"Lipi uligonga mwanzo?" aliuliza.

Marciana aliyatazama. Ukiacha lile dogo la Siwema, hakuweza kuyajua.

"Sijui."

"Hilo ndilo nilikuwa nataka kusikia," alisema Bwana Alfred. "Nitakuletea mengine ishirini mwezi ujao."

Marciana akamweleza habari ya mafuta, na yule mzee akacheka mpaka kioo kikaanguka kwenye meza. Lakini Marciana alipouliza kuhusu moshi wa samaki, aliacha kucheka.

"Moshi wa kukaangia nao una mafuta," alisema. "Kidogo, lakini unayo. Labda ulikuwa unasaidia kuharibu, labda hapana. Siwezi kukuambia. Ungejaribu."

Kwa hiyo hata pale hakupata jibu zima. Walilala Mikumi kwa binamu yake, kwa sababu jicho la Siwema lilifunikwa kwa plastiki angavu na kuchemshwa kwenye sufuria mpaka jioni, na asubuhi ya Ijumaa likasuguliwa na kupachikwa. Siwema alijitazama kwenye kioo cha mkononi kwa muda mrefu. Halafu kwenye basi, bila mtu kumwambia, alikaa kiti cha katikati.

Njia nzima Marciana alikuwa akipima maneno. Aombe radhi yote, au nusu? Akisema moshi hauna hatia, anasema asilolijua. Akisema labda una hatia, ugomvi unaanza upya. Walifika Kilosa saa saba bado hajaamua.

Mama Siwema alikuwa nyumbani, ndio kwanza amepakua. Siwema aliingia moja kwa moja. Marciana alibaki nje ya mlango, akisikia sauti ya mtu anayevuta kamasi, halafu, "Hebu geuka. Angalia juu. Angalia mlangoni."

Akatoka, macho mekundu, akifuta mikono kwenye kanga.

"Linafanana," alisema. "Mpaka linanichanganya, nisijue lipi la kwake." Halafu sauti ikabadilika. "Na wewe mbona umesimama kama mdai?"

"Mama Siwema, haikuwa moshi. Ilikuwa mafuta ya Shangazi. Alikuwa anaupaka ule mpira kila saa sita, akiona umepauka. Mimi nikakusingizia."

"Kwa hiyo moshi wangu ni msafi."

Marciana alivuta pumzi. "Hilo sijui. Bwana Alfred kasema labda unachangia kidogo. Kesho ningeomba urudishe jiko pale pale, ukaange kama kawaida, mimi nigonge vifuniko, tuone."

Mama Siwema alimkodolea macho. "Unakuja kuniomba radhi na hapo hapo unanishitaki upya."

"Ndiyo. Sijui niseme vipi vingine."

"Na Shangazi?"

"Tangu juzi hataki kula. Jana alfajiri nilipoondoka nilikikuta chakula cha usiku kama kilivyo. Anasema kawaharibia watu wawili."

Mama Siwema alitazama upande wa nyumba ya Marciana. Mwisho akasogea kando ya mlango, akaacha nafasi ya kutosha mtu kupita.

"Ya jiko tutaongea kesho," alisema. "Siwema, peleka maji ya kunawa, halafu ukamlete bibi yako Fausta, umshike mkono, mwambie nimemwita mimi. Na wewe Mama Paulo ingia, ukae, ugali unapoa."